Kazi ya Kuanzisha Amina

Kwenu mliobaki ofisini,

Najua mtacheka. Mtu wa miaka thelathini na mbili, hana hata unywele mmoja mweupe, anaandika ati amestaafu. Nimetafuta neno lingine nikakosa. Kuachishwa si kweli kabisa, kuacha pia si kweli kabisa, na mimi sina ugomvi na mtu. Nimefanya kazi ya kata miaka kumi na mmoja, nimebeba viti vya plastiki mpaka mabega yangu yakajua umbo lake, na sasa niko nyumbani Kitengela naotesha miche kwa pakiti za maziwa. Kila mche naupangia mahali utakaposimama ukiwa mti mkubwa, na nani atakaa chini yake. Mama Njambi aliniambia kuota ndoto mchana ni ugonjwa. Basi nimepona vibaya.

Habari za vyeo na mshahara sitawaandikia. Nataka kuwaandikia kazi yenyewe, hasa sehemu moja ambayo haikuandikwa kwa barua yangu ya kuajiriwa na haitakuwa kwa yenu. Nilikuwa mwanzisha Amina.

Mnajua sheria. Kabla kaunti ijenge soko, barabara au choo, lazima wananchi waulizwe. Ofisi yetu ndiyo ilikuwa inauliza. Tulibeba tenti, viti, spika ya kuning'iniza na orodha ya mahudhurio, tukaenda mpaka mahali penyewe, tukauliza, tukaandika kumbukumbu za kikao, faili ikapanda Kajiado makao makuu. Mwandishi mkuu alikuwa Mama Njambi, mama wa kanisa aliyekuja kutoka Nyeri akiwa bibi arusi. Miwani yake ilifungwa kwa uzi na mwandiko wake ulinyooka kama sare ya shule. Mimi nilitoka kidato cha nne na alama ambazo nyumbani tulikubaliana tusizitaje. Yeye ndiye alinifunza kila kitu.

Siku yangu ya kwanza tulienda uwanda ule ulio nyuma ya machimbo ya mawe. Ilikuwa saa sita, jua limesimama. Mnajua ile miti mifupi ya miiba imejaa huko, yenye vivimbe vyeusi ambavyo sisimizi wametoboa matundu. Upepo ukipita, inapiga mluzi. Mmoja unaanza hapa, mwingine unajibu kule, mpaka unadhani kuna watu wamelala kwa nyasi wanaitana.

"Mama, kuna nani huko?"

"Ni miti. Panga viti."

"Inapiga mluzi kama mtu."

"Na wewe unaongea kama redio. Panga viti, msichana."

Nilipanga. Watu wakaja, mzee mmoja akaitwa afungue kwa maombi, wote wakasimama. Nikafumba macho vile nimelelewa. Mara nikafinywa mkono.

"Wewe! Mtu wa kumbukumbu hafumbi macho."

"Hata kwa maombi?"

"Hasa kwa maombi. Wote wakifumba, nani ataona kilichotokea?"

Basi nikafungua. Sijui kama mmeshawahi kusimama mbele ya watu mia moja waliofumba macho, mchana, kwa uwanda usio na ukuta. Nyuso zinakuwa tupu. Midomo inasogea kidogo. Unaweza kumwangalia mtu vile hungethubutu kumwangalia, na yeye hajui. Kwa miaka kumi na mmoja niliona watu wa kata yetu hivyo, kila kikao mara mbili. Nawajua zaidi wakiwa wamefumba kuliko wakiwa wamefumbua. Kuna siku nilikuwa napita sokoni nakutana na mtu, namkumbuka tu akiwa amefumba macho juani.

Siku hiyo hiyo Mama Njambi alinipa kazi ya pili. "Sala ikiisha usingoje. Sema Amina, kwa nguvu, wewe wa kwanza. Watu ni kama mbuzi kwa mlango wa boma. Mmoja akipita, wote wamepita."

"Na kama hawakutaka?"

Alinitazama juu ya miwani. "Ulishawahi kuona mtu akikataa Amina?"

Sikuwa nimeona. Na niko na sauti, Mungu alinipa hiyo badala ya hesabu. Nikaanza kuanzisha Amina, na watu wote wakapita mlangoni.

Chombo changu kikubwa kilikuwa daftari la maombi. Ofisi ilitaka maombi ya kila upande, ili asilalamike mtu, kwa hivyo niliandika majina ya wanaojua kuomba, na kando ya kila jina maelezo yangu. Mama wa kanisa la kona: anaanza na uumbaji, mpe kufungua tu, usimpe kufunga. Mzee wa Kiserian: analia. Maalim Hirsi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye watu wake walitoka Garissa: dakika mbili, haongezi. Mzee wa kubariki kwa Kimaasai: anatema mate kidogo, waketishe wageni wa Nairobi mbali, yeye akitamka kila mstari watu wanajibu "Naai", ndiyo Amina yao, hakuna kazi ya kuanzisha. Hiyo tofauti niliandika kwa sababu ya mpango wa kazi tu. Baadaye ndiyo niliifikiria.

Kila ajenda yetu ilianza na Mungu na ikaisha na Mungu. Nambari moja, maombi. Nambari ya mwisho, maombi. Ndiye mjumbe pekee aliyehudhuria vikao vyote na hakuwahi kutia sahihi kwa orodha. Hakuna mahali sheria inasema hivyo, lakini jaribu kuanza kikao bila Yeye uone kama watu watakaa. Na mkishafunga kwa maombi, mmefunga. Neno linalosemwa baada ya Amina haliingii kwa kumbukumbu. Nakumbuka kikao cha mtaro hapa Kitengela. Watu walikuwa wameshainuka wakati muuza viatu mmoja alikumbuka kwamba mtaro utapita mlangoni kwa duka lake. Alikuja mbio, mkono juu.

"Mheshimiwa! Mheshimiwa, niko na swali!"

Mkuu wa ofisi yetu, ambaye nitamwita Afisa, alikuwa anapanda gari. "Tumeshafunga na Mungu, ndugu yangu. Unataka tumfungue tena?"

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Mvua yote ya mwaka huo wateja wa yule mtu walivuka kwa ubao.

Afisa hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu wa kuharakisha. Na mahali fulani katikati ya miaka yangu aligundua kitu. Kama Amina inafunga kikao, basi chochote kilicho ndani ya sala ya mwisho kimefungwa nayo. Alianza kumleta Pasta Elikana, kijana nadhifu mwenye sauti kama tanki tupu. Pasta hakuwa tapeli. Aliamini kabisa kwamba serikali ni mkono wa Mungu hapa chini, na mkono hauulizwi mara mbili. Akiomba alisema, "Baba, tunakushukuru kwa mradi huu ambao sisi sote leo tumeukubali kwa moyo mmoja." Mimi, macho wazi, nikaona Afisa amefungua jicho moja ananiangalia. "Amina!" nikasema. "Amina," wakajibu mia moja. Na Mama Njambi akaandika: wananchi wote waliafiki.

Barabara ilipita hivyo. Kisima kimoja kizuri sana kilipita hivyo, msidhani yote yalikuwa mabaya. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuona.

Halafu tukaenda Kwa Kokoo.

Kokoo ni bibi kwa Kimaasai. Mahali hapo panaitwa hivyo kwa sababu ya Kokoo Nasieku, ambaye boma lake liko juu ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa linalokinga maji ya mvua. Ni maji pekee ya ng'ombe upande ule wote. Kaunti ilikuwa inatafuta mahali pa kuhamisha jaa la taka, na mtu fulani kwa ofisi fulani aliona kwa ramani shimo kubwa ambalo limeshachimbwa. Unaona akili hiyo. Taka ingejazwa kwa silanga.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kutangaza na kupokea maoni. Watu walikuwa wengi, wamekaa kimya. Afisa alieleza kwa maneno marefu: uhifadhi, usafi, nafasi za kazi kwa vijana. Nina hakika nusu ya watu hawakuelewa kwamba ni silanga yao inasemwa. Kisha Pasta akasimama, nao wakasimama, wakafumba. Upepo ukakatika. Ile miti yote ikanyamaza pamoja, kama mtu ameiwekea kidole mdomoni. Nilipitisha macho juu ya nyuso, safu kwa safu, nikafika nyuma kabisa.

Kokoo Nasieku alikuwa amefungua macho. Ananiangalia mimi. Si Pasta, si Afisa. Mimi, na kalamu yangu.

"...ambao sisi sote leo tumeukubali," Pasta akamaliza.

Nikasema Amina. Mdomo ulishazoea. Na nikaona mdomo wa Kokoo ukisogea pamoja na wengine, macho yake yakiwa bado kwangu. Alikuwa kama mtu anayeona mkono wake mwenyewe ukipeana kitu.

Siku chache baadaye alikuja ofisini. Alitembea kutoka kule mpaka barabara kubwa, akaingia na fimbo na shuka, akakaa kwa benchi ya wageni mpaka Afisa akatoka.

"Takwenya, Kokoo," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia, lakini hakunitazama. Alimtazama Afisa. "Nimekuja kuchukua Amina yangu."

Afisa alidhani ni mzaha. "Amina gani, Kokoo?"

"Ile ya siku ile. Mimi nilipea Enkai, Mungu. Nyinyi mkachukua njiani. Nataka."

Watu wa ofisi ya pili walichungulia mlangoni. Mmoja akapiga kicheko.

"Kokoo," Afisa akasema kwa upole, "hatuna fomu ya kurudisha Amina."

"Na mlichukua na fomu gani?"

Kicheko kiliisha. Afisa alimwambia kutakuwa na kikao cha pili cha kusoma kumbukumbu na kuzithibitisha, aje aseme maoni yake huko, karibu sana. Kokoo aliinuka polepole. Ndipo akaniangalia.

"Yule wenu wa kuomba," akasema, "alikuwa anamwambia Enkai habari. Enkai haambiwi. Enkai anaombwa. Tangu siku hiyo ng'ombe wanafika kwa maji, wanasimama. Hawanywi."

Nilimsindikiza mpaka nje.

Kazi ilitupeleka huko tena, mimi na Mama Njambi, kubandika tangazo la kikao cha pili. Tulifika saa sita na kitu. Ng'ombe walikuwa kwa silanga. Wamejipanga ukingoni, miguu ya mbele ndani ya matope, vichwa vimeinama mpaka pua karibu kugusa maji. Na hawanywi. Hakuna mkia uliokuwa unapiga nzi. Kengele zao hazikulia. Ningesema ni picha, lakini niliona mbavu zao zinapanda na kushuka. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe ili nijue kwamba muda unaenda. Kisha, wote pamoja, wakageuka wakapanda mlima na kiu yao.

"Labda kuna mzoga ndani," Mama Njambi akasema.

"Labda, Mama."

"Bandika tangazo, twende."

Alichomeka pini kwa mti mwenyewe bila kuningoja, tangazo likakaa upande, yeye ambaye mwandiko wake haukuwahi kupinda.

Usiku hata sikupata ndoto zangu za kawaida. Asubuhi nilienda soko la mifugo Kajiado kumtafuta Maalim Hirsi. Nilifikiri nikimweka yeye kufunga kikao, dakika mbili, atamwomba Mungu tu bila kumpelekea ripoti. Nilimkuta akipapasa meno ya mbuzi.

"Hapana, dada Mumbua," akasema nilipomaliza. "Mkubwa wako hataniita, na nikija nitakuwa pambo."

"Lakini wewe unajua kuomba vizuri."

"Amin ni kumwambia Mola, pokea. Ni ombi. Wewe na yule mama mmeifanya sahihi ya karatasi." Alimwachilia mbuzi. "Pasta anasema maneno yake mbele ya Mola wake, atayajibu. Wewe ndiye unayeanza. Hujawahi kujiuliza kwa nini wanahitaji mtu wa kuanza?"

Nilifungua daftari langu, nikalifunga tena.

"Na kwa hilo daftari lako umeniandika nini?"

"Dakika mbili, Maalim. Haongezi."

"Mbili?" Alicheka mpaka mbuzi akashtuka. "Andika moja na nusu."

Siku ya kikao cha pili Afisa aliniita kando ya gari kabla tushushe tenti. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo.

"Mumbua, leo Amina iwe kubwa. Nimekuamini. Ile karatasi yako iko kwa meza yangu, nikirudi naiweka kalamu."

"Sawa, Mkubwa," nikasema. Nilikuwa namaanisha. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mama wa kulisha, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Watu wa Kwa Kokoo walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali, upande wa pili wa mlima, ili wasisumbue. Hakuna mnyama aliyekuwa karibu. Kumbukumbu zilisomwa. Mwanamume mmoja akauliza, "Na sisi tutanywesha wapi?" Afisa akasema swali limepokelewa. Mwingine akauliza vile vile, likapokelewa. Kokoo alipopewa maiki aliishika kama kitu cha moto.

"Mimi leo sina neno," akasema. "Neno langu mko nalo."

Pasta akapanda. Watu wakasimama, wakafumba. Upepo ukakatika tena, miti ikanyamaza. Aliomba vizuri, siwezi kusema hapana. Aliombea mvua, watoto, viongozi. Kisha akafika pale. "Na tunakushukuru, Baba, kwa kuwa leo tumethibitisha, kwa moyo mmoja, mradi huu..."

Nikajua nikiendelea kuangalia, jicho la Afisa litanikuta, na mdomo wangu utatii kabla mimi sijaamua. Kwa hivyo nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya kazini tangu siku ya kwanza. Nikafumba macho.

"...na watu wako wote waseme."

Nilibana meno. Hakuna aliyesema.

"Watu wako wote waseme," Pasta akarudia.

Nikamsikia Afisa. "Amina." Moja, peke yake. Ilitoka ikaenda kwa uwanda na haikurudi.

Halafu, ndani ya lile giza la macho yangu, nikasikia kunywa. Ng'ombe wakinywa, wengi, ile sauti ya kuvuta maji kwa koo ndefu, na kupumua kwa pua katikati, na kuvuta tena. Ilitoka kwa silanga. Ilikuwa karibu sana hivi kwamba nilisikia harufu ya matope yaliyokorogwa. Ilidumu muda wa mtu kuosha sahani za nyumba nzima. Nilipofumbua, hakukuwa na ng'ombe. Ukingo ulikuwa mtupu. Lakini maji yalikuwa yanacheza mviringo ndani ya mviringo, kutoka kando kwenda katikati, mahali pengi.

Pasta alikuwa ameshuka. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alitembea mpaka kwa gari bila kumuaga mtu. Afisa akamfuata, akatuonyesha kwa mkono, twende, achaneni na tenti. Tukapanda. Nikageuka kwa kioo cha nyuma.

Walikuwa bado wamesimama. Wote, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni. Macho yamefumbwa, nyuso zimetulia, wanangoja sala iishe. Gari lilipanda kilima na bado niliwaona. Hakuna aliyesogea.

Ndani ya gari Afisa alisema kitu kimoja tu. "Andika mkutano ulifungwa kwa maombi."

Kesho yake nilirudi na dereva kuchukua tenti. Ilikuwa imekunjwa. Viti vimepangwa kumi kumi chini ya ile miti, vimefutwa vumbi, kazi safi kuliko yangu. Ng'ombe walikuwa kwa silanga wanakunywa, wanasukumana, nzi, kengele, vurugu zote za kawaida. Nilikaribia kulia. Kokoo Nasieku alikuwa ameketi kwa jiwe.

"Kokoo, jana mlifumbua saa ngapi?"

Alinijibu kwa sauti ya chini sana, mpaka nikainama. "Kwani mmefunga mkutano?"

Nilirudi ofisini nikaketi na karatasi mpaka chai ikapoa. Nikaandika: Mchungaji aliomba. Wananchi hawakuitika. Hadi tunaondoka, mkutano ulikuwa haujafungwa. Nikampelekea Mama Njambi kwa sababu bila sahihi yake haiendi popote. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja kustaafu, kustaafu kwa kweli kwa mtu mwenye mvi. Alisoma mara mbili. Akatoa miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Hapa umeandika wananchi hawakuitika."

"Ndiyo, Mama."

"Si ukweli wote. Ongeza, wananchi na mwandishi."

Niliongeza. Alitia sahihi kwa mwandiko wake ule ule wa kunyooka, akaniambia niende nikale, nimekonda.

Faili ilipanda Kajiado, ikarudi na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: kikao kimalizwe kwanza. Huko juu hawakujali nani alinyamaza. Walijali tu kwamba ukurasa wa mwisho hauna maombi, na ukurasa usio na maombi hawajui waubandike wapi. Basi ilibidi mtu arudi Kwa Kokoo kuomba. Nilipiga simu kwa jina baada ya jina kwa daftari langu. Hakuna aliyekubali. Pasta Elikana nilimkuta sokoni Kitengela, hakuwa na ile sauti yake.

"Dada, nisamehe," akasema. "Siku ile nilifumba macho nikasikia kitu kinakunywa. Nilijiuliza, je, nimekuwa nikimwombea nani?"

Siku hizi anaomba kwa kanisa dogo la mabati, na nasikia anauliza maswali mengi kuliko anavyosema. Mkataba wangu uliongezwa, kwa kuwa faili iliyo wazi inahitaji mwandishi wake, kisha Afisa akahamishwa. Akaja mwingine, akaona faili, akaniambia niongeze tu mstari mmoja. Sikuongeza. Akaja wa tatu, kijana mwerevu, mchangamfu, tulipatana sana. Naye akaniambia mstari mmoja, Mumbua, nani atajua? Mkataba wangu ulipoisha tena aliusahau mezani, na mimi sikumkumbusha. Ndiyo namna nilivyostaafu.

Jaa la taka halijaenda popote. Shimo la zamani limejaa na linafuka moshi, na hiyo pia ni shida ya watu, sitajifanya haiko. Lakini silanga iko na maji.

Faili iko kabati la chuma, rafu ya katikati, ina jalada la kijani. Mtaonyeshwa, pengine mwaka huu. Mtaambiwa ni mstari wa maneno manne na kwamba kila mtu ameshasahau. Nawaomba kabla mshike kalamu muende Kwa Kokoo siku moja, mchana, upepo ukiwa umekatika. Mtakuta watu wa pale wanaongea wote kwa sauti ya chini, wakubwa kwa wadogo. Wanauza maziwa kwa sauti ya chini, wanagombana kwa sauti ya chini. Hata mbwa wao hawabweki. Wiki iliyopita Kokoo Nasieku alikuja Kitengela kununua sukari, akanikuta kwa miche yangu, lori zinapiga honi, muziki wa duka la simu unatikisa mabati.

"Wamefunga?" akaniuliza, kwa kunong'ona.

"Bado, Kokoo."

Aliweka kidole mdomoni, akaninyamazisha vile mtu mzima anamnyamazisha mtoto katikati ya sala, akachukua sukari yake, akaenda taratibu asimsumbue mtu.